Karatasi ya Bendera ya Babu Mahad

Kaloleni, Nairobi
6 Juni 2023

Kwa Shangazi Amino,

Assalamu aleikum. Hii barua itakujia imefungwa kwenye mtungi wako mtupu, ule wenye utepe mwekundu. Nilimwuliza Makau, dereva wa gari la maziwa, kama itafika, akaniambia, "Wewe peana tu, mi hufikisha." Maziwa ya ngamia uliyotuma Jumapili tuliyapata yakiwa mazuri. Mama yangu Kawsar anakusalimu. Mguu unamsumbua lakini bado anashinda Eastleigh akipima mapazia ya watu. Kavinya, mwenye nyumba wetu, amepata mtoto wa kike, na usiku wote tunamsikia kupitia ukutani.

Najua simu huisikii tena. Mimi nami sina laini. Ile niliyokuwa natumia ilisajiliwa kwa jina la Kavinya, na wiki iliyopita aliitaka. Aliniambia, "Sagal, usiniskie vibaya, lakini ni jina langu liko hapo." Sikuskia vibaya. Nilimtolea kadi nikampa.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata kazi katika kiwanda cha misumari huko Baba Dogo, karani wa stoo. Mama wa ofisi anaitwa Mukai, na mtihani wangu aliupenda. Aliniambia, "Bila kipande siwezi kukuandikisha, msichana. Nitakushikia nafasi mpaka Desemba. Ikipita hapo si mimi tena." Shangazi, nina miaka ishirini na mitatu na sina kitambulisho. Nimekwenda mbele ya kamati ya ukaguzi wa uraia mara mbili. Mama ni mkimbizi, karatasi yake haihesabiki. Baba ndiye aliyezaliwa hapa, na hayuko tena duniani. Wanataka kitambulisho cha baba, au mtu wa damu yake aliye na kitambulisho aje aape mbele yao. Mtu huyo umebaki wewe peke yako.

Baba nilimwuliza zamani kitambulisho chake kiko wapi. Alisema kilipotea, akaendelea kula.

Pia nimekumbuka ile karatasi ya bendera ya Babu Mahad. Baba alisema ndiyo karatasi kongwe kuliko zote kwetu. Kama unayo, je, haiwezi kusaidia?

Mwanao,
Sagal Kadar


Isiolo
2 Julai 2023

Mwanangu Sagal,

Waleikum salaam. Barua yako ilifika ikinuka moshi wa mtungi, na nusu ya ukurasa wa pili imekunywa maziwa, lakini nimeisoma yote. Mwandiko wako umenyooka. Wa baba yako ulikuwa ukipanda mlima, mwalimu alimchapa hakuacha. Huku tuko wazima, mvua hakuna, ngamia wawili wamezaa na mmoja amekataa mtoto wake, kwa hiyo mimi mwanamke wa miaka sabini na miwili ndiye ninayemnyonyesha kwa chupa. Mwambie Kawsar apake mguu mafuta ya ufuta na aache kusimama mchana kutwa, ingawa najua hatanisikia, na mimi ndiye ninayeitwa kiziwi.

Hongera kwa kazi. Stoo ya misumari si mahali pa kuchekesha, lakini mshahara ni mshahara.

Nimetia humu ripoti ya shule ya baba yako, ya darasa la saba, Pumwani. Jina lake liko, la baba yetu liko, na mwaka upo. Wapelekee hiyo. Mimi nina presha, na daktari amenikataza safari ndefu.

Karatasi ya bendera iache ilale.

Kwa kuwa umeitaja nitakueleza ilivyo, usije ukadhani naficha. Babu Mahad alikuwa mtu wa Suri, mji wa pwani ya Omani, raia wa Sultani wa Maskati. Alikuwa na chombo chake cha biashara. Enzi hizo manowari za Waingereza zilisimamisha kila chombo na kukipekua, na watu wa Sultani nao wakitaka chao kila bandari. Babu akaenda Obok, pwani ya Jibuti, kwa Wafaransa, akapewa karatasi na bendera, mwaka 1890. Tangu siku hiyo akipandisha bendera ile hakuguswa. Aliingia nayo mpaka bandarini kwa Sultani wake mwenyewe, na Sultani akabaki kutazama mtu wake akiwa mtu wa wengine. Nchi ya Sultani yenyewe ilikuwa ndogo, ilibanwa na wakubwa hao wawili, Mwingereza na Mfaransa. Baadaye Babu akaoa Msomali, akahamia Lamu, baba yetu akazaliwa huko, na sisi tukazaliwa Pumwani.

Kwetu karatasi ile ilitolewa kila Idd. Tulinawa mikono kwanza. Mtoto akizaliwa iliwekwa chini ya mto wake siku saba ili naye asiguswe. Hata wewe ulilazwa juu yake, mimi ndiye niliyeituma na ndiye niliyeitaka irudi. Sasa unajua yote.

Shangazi yako,
Amino


Kaloleni
25 Julai 2023

Kwa Shangazi,

Salaam nyingi. Tunakuombea presha ishuke. Mama amepaka mafuta ya ufuta siku mbili, halafu akayatumia kupikia. Mtoto wa Kavinya ameanza kucheka, na amepewa jina la nyanya yake.

Nilipeleka ripoti ya shule. Walikuwa watatu mezani. Yule wa katikati aliisoma, akasema baba alikuwa mbovu wa hesabu, wenzake wakacheka, akanirudishia. Aliniambia, "Hii inaonyesha alisoma. Haionyeshi ni wa wapi." Nilirudi kwa miguu nikifuata reli, njia aliyokuwa akipita baba na mkokoteni wake akitoka Mukuru, maana kwenye barabara kubwa askari huuliza kipande. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba anaipenda reli.

Sijui kama nimewahi kukuambia kuhusu siku ya maziko, kwa sababu ulifika tumeshamaliza na ukaondoka jioni ile ile. Alikufa alfajiri ya Jumatatu. Tulimzika Jumatano. Sisi tunaozika siku hiyo hiyo. Kwenye dirisha la kibali walitaka namba ya kitambulisho cha marehemu, na hatukuwa nayo. Siku mbili nilisimama hapo. Tangu wakati huo watu wakinizungusha sihisi kitu. Nasimama tu nikisubiri waseme nirudi lini.

Nimekwenda maktaba hapa Kaloleni kusoma habari za bendera. Yote uliyoniambia yapo, ila jina la Babu halipo. Waingereza na Wafaransa waligombana mpaka kesi ikapelekwa kwa waamuzi mjini Hague, Uholanzi, mwaka 1905. Waamuzi wakasema wale waliopewa ruhusa kabla ya mwaka 1892 waendelee nayo, Wafaransa wakitaka kuifanya upya. Lakini ruhusa ya bendera haihamishwi kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine. Na wenye vyombo, mabaharia na jamaa zao, wote wanabaki chini ya sheria ya Sultani kama zamani. Nimenakili kipande hicho kwenye karatasi ya pembeni. Yaani kilicholindwa ni chombo. Babu mwenyewe hakulindwa, na alipokufa ruhusa ilikufa naye. Tulikuwa tukinawa mikono kushika kitu kilichokwisha.

Nauliza tena na sitauliza mara ya tatu. Je, utakuja kuniapia?

Sagal


Isiolo
30 Agosti 2023

Sagal,

Salaam. Nimechelewa kujibu. Yule mtoto wa ngamia amekufa, na hata alivyokuwa msumbufu nimemlilia. Mvua bado. Wanawake wenzangu wa maziwa wanakusalimu, wanasema wakupatie mume wa huku, nimewaambia kwanza ana kazi ya misumari.

Kipande chako cha Hague nimekisoma mara nyingi. Huyo mwamuzi angekuja Pumwani mapema angetuokolea sabuni.

Nimekwenda kwa wakili hapa mjini, nimeapa kwa maandishi. Hati ya kiapo imo ndani, ina muhuri, na nakala ya kitambulisho changu imebandikwa nyuma. Imesema mimi Amino na marehemu Kadar ni baba mmoja mama mmoja, tumezaliwa Pumwani, na wewe ni mtoto wake. Nimeapa kweli tupu. Ipeleke.

Mwenyewe siji. Unaweza kudhani ni roho mbaya, dhani. Kuna vyumba mtu akishaingia mara moja hawezi kuvirudia. Na usiniulize mambo ya mwaka themanini na tisa.

Maziwa ya Ijumaa ni ya kwako na mama yako, usimpe Makau hata kikombe, amezoea.

Amino


Kaloleni
9 Oktoba 2023

Kwa Shangazi Amino,

Salaam. Sote wazima. Pole kwa mtoto wa ngamia.

Mwaka themanini na tisa sikuwa nimekuuliza. Sikuwa najua kuna cha kuuliza. Sasa najua, na naona ni haki nikuandikie vile ilivyokuwa, bila kuongeza.

Kiapo chako walikisoma wote watatu. Yule wa katikati alisema hii ni nzuri, hii tunaweza kufanya nayo kazi, akatuma faili la baba litafutwe. Sikujua baba ana faili. Walisema nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi lilikuwa mezani, jembamba, la rangi ya udongo. Ndani kulikuwa na kitambulisho chake. Hakikupotea. Kimekaa humo miaka thelathini na minne. Ana ndevu chache kwenye picha na ametoa macho.

Nyuma yake kulikuwa na maelezo ya mkaguzi, ya mwaka 1989. Yamesema mtu huyu ameletewa karatasi ya ulinzi wa Wafaransa, ya babu yake, raia wa Maskati, kwa hiyo asili yake ni ya kigeni na kitambulisho kizuiwe. Halafu kuna mistari mitatu ya mwandiko unaopanda mlima. Niliujua kabla sijasoma. Yule mzee wa katikati alinisomea kwa sauti, nami nimeishika kichwani:

"Mimi Kadar nasema mwanamke aliyeleta karatasi hii si ndugu yangu. Sina dada. Ni jirani wa zamani tu, ameletwa na huruma, aachwe aende zake."

Na sahihi.

Mzee alifunga faili akaniuliza kwa upole, "Msichana, baba yako mwenyewe ameandika hana dada. Sasa huyu anayeapa kutoka Isiolo ni nani?" Ningesema ni shangazi yangu, nikaona nikisema hivyo wanaweza kukuuliza babu yako ni nani. Nikasema nitarudi. Walinipa mpaka Alhamisi ya mwisho ya Novemba, ndipo wafunge kikao cha mwaka huu.

Nilidhani nitalia nikifika nyumbani. Nilipika chapati. Mama aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia wamesema nirudi.

Nimefikiri sana njia nzima ya reli. Baba aliona karatasi inawekwa mezani, akaona itamshika yeye na itakushika wewe, akachagua. Yeye amekwisha. Wewe una kitambulisho chako, una ngamia wako, una hospitali ya presha. Ukija ukathibitisha kwamba ni dada yake, karatasi ile ni ya babu yako pia. Baba aliishi kwenye reli ili usiguswe, na mimi sitakuwa mtu wa kulivunja hilo kwa sababu ya stoo ya misumari.

Kwa hiyo usije. Nimeshamwandikia Mukai barua ya kuachia nafasi, bado sijampelekea. Sina hasira na wewe, Shangazi. Ningekuwa nayo ningekuambia.

Sagal


Isiolo
19 Novemba 2023

Mwanangu Sagal,

Waleikum salaam, ingawa barua yako haikuanza na aleikum yoyote ya maana. Usione nimenyamaza. Mvua tuliyoililia imekuja yote kwa mara moja, barabara ilikatika, na Makau alikwama na mitungi siku nyingi, barua yako mfukoni. Nimeipata juzi. Ng'ambo ya pili ya mto watu wamepoteza mbuzi wengi. Sisi tumepoteza ukuta wa jikoni tu.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye matope.

Nitakuambia, kwa kuwa umeshakiona nilichokuwa naficha. Mwaka ule walikuwa wakikagua Wasomali wote. Mimi hapa Isiolo nilishapitishwa kwa karatasi za mume wangu. Kadar alikuwa Nairobi, na alikuwa na kitambulisho, na ripoti ya shule, na majirani wawili wa Pumwani wa kumshuhudia. Vilitosha. Lakini mimi nilikuwa dada mkubwa mwenye kiburi. Niliona wengine wakibeba risiti za kodi na barua za majirani, nikasema sisi tuna karatasi yenye muhuri wa mwaka 1890, tutawafunga midomo. Nikapanda gari nikaileta. Kadar hakuitaka. Aliniambia mlangoni kwa wakaguzi, "Amino, rudisha hicho kitu kwenye mfuko." Nikampita nikaiweka mezani mwenyewe.

Mkaguzi akauliza bendera hii ni ya nani. Nikajibu kwa kujigamba, ni ya Wafaransa, babu wa huyu kijana alikuwa chini yao, hakuguswa na Sultani wala Mwingereza. Akaandika. Kisha akanirudishia karatasi yangu na kuniambia nisubiri nje.

Kadar alipotoka hakunitazama. Alisema, "Rudi Isiolo leo, usije tena huku." Basi. Miaka thelathini nilidhani amenichukia, na niliona ana haki, kwa hiyo sikuja. Nilituma maziwa. Alipokufa nilikuja nikiwa nimechelewa, nikaogopa hata kukaa kula na nyinyi, nisije nikaulizwa. Sikujua alichoandika humo ndani. Nimekijua kwa mkono wako, mwezi huu, nikiwa bibi kizee. Alinifukuza ili nisionekane naye.

Umeandika kwamba alichagua na kwamba nisilivunje. Wewe ni mwema, na umekosea. Kadar alichagua kabla hujazaliwa. Hakujua kwamba ile mistari mitatu itakuja kumfungia mlango mtoto wake. Angejua angeiandika vingine, nilimlea, namjua.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ni tarehe thelathini. Nakuja Jumanne ya wiki hiyo. Makau amenipa kiti cha mbele, na dawa za presha ninazo. Barua ya Mukai ichane. Nakuja na kitambulisho changu, na karatasi ya Babu, na kile kipande cha Hague ulichoninakilia. Vyote nitaviweka mezani pamoja. Nitawaambia bendera ilikuwa ya chombo na chombo kilivunjwa kabla Nairobi haijawa mji wa maana, na kwamba Kadar na mimi ni baba mmoja mama mmoja. Wakiona sisi ni wageni, basi tuwe wageni wote watatu, na kitambulisho changu wakitie kwenye faili lile jembamba juu ya chake. Wakiona sisi ni wa hapa, wakupe chako. Naogopa, nisikudanganye.

Nina ombi moja. Tukiwa mbele yao, uniite shangazi. Ita kwa sauti kubwa, na uite zaidi ya mara moja. Mimi sitasikia, lakini wao watasikia na wataandika.

Mwambie Kawsar anitandikie karibu na ukuta wa mtoto wa Kavinya. Kelele zake hazitanisumbua.

Amino,
dada yake Kadar